Fungu la Changarawe

Pesa hufika hapa zimekwisha kubatizwa.
Hii inaitwa Changarawe, hii Semina,
hii Chanjo, robo ya nne, asiiguse mwingine.
Nazipokea kama mkunga
aliyekabidhiwa watoto wa watu:
nahesabu vidole, natia sahihi,
sina ruhusa ya kumwita hata mmoja jina la kwetu.

Mwezi wa tano Lhubiriha ulipanda
ukang'oa kalavati, ukaenda nalo Kongo.
Barabara ilikuwa imemwagiwa changarawe juzi tu,
nyekundu, imeshindiliwa vizuri,
inateremka mpaka ukingoni
na hapo inasimama,
kama mtu aliyesahau alichokifuata.

Masereka wa bodaboda akaniuliza,
"Mama, malori manane ya changarawe,
hata moja haliwezi kugeuka saruji?"
Nikamweleza. Kugeuza fungu kunataka barua,
barua inataka kikao cha baraza,
kikao kinataka posho,
na fungu la posho lilikauka Februari.
Alinisikiliza mpaka mwisho.
Akawasha pikipiki, akaizima.

Na ushuru wetu wenyewe, ule wa sokoni Mpondwe,
wa vitenge na samaki wa chumvi,
nao hupanda kwanza Kampala kuwaamkia wakubwa.
Ukirudi, umekonda.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema.
Yetu ina madaftari tisa,
na imepotea na habari zake zote.

Tarehe thelathini Juni nilikesha ofisini,
jenereta la kukodi likikohoa dirishani.
Saa sita kamili skrini ikageuka kijivu.
Milioni kumi na nane za Semina
zikarudi zilikotoka, nzima,
haikudokolewa hata senti.
Mkaguzi atatusifu.

Asubuhi, mwaka mpya wa fedha, siku ya kwanza,
nilimsindikiza Biira wa zahanati hadi mtoni.
Alikunja gauni, akajitwika sanduku la chanjo,
akaingia. Maji kiunoni, kisha kifuani,
kisha nikawa naona sanduku tu, likienda.
Akatokea ng'ambo, akapunga mkono.

Viatu vyake alinipa nimshikie.
Viko hapa mezani, kando ya muhuri.
Sijui niviandike fungu gani.