Shikamoo Moja

Fomu ina miguu, ina macho, ina masikio,
ina ngozi, ina uti wa mgongo.
Nimeipitia mara mbili kwenye benchi la Ustawi, Temeke,
natafuta pa kumweka Mwinjuma wangu,
miaka ishirini na mitatu, mzima kama mhogo wa Mkuranga.

Chini kabisa pameandikwa: Mengineyo.
Mstari mmoja. Haujafika hata ukingoni mwa karatasi.

Ningeandika nini humo?
Kwamba akienda kwa Mangi na noti ya elfu kumi
hurudi na mkate, chenji kaiacha,
maana kuidai ni maneno, na maneno yana zamu,
na zamu yake hajui inapoingia?
Kwamba Tandika alisimama akisoma namba za gari la mtu,
akaulizwa, "Wewe nani? Unataka nini?"
akaendelea kusoma namba,
na kovu lile juu ya nyusi ndilo jibu
waliloandika wao?

Tukaitwa.
Afisa hakuinua kichwa.
Mwanangu akasimama wima, mikono mgongoni,
akasema, sauti safi kama ya mtangazaji wa redio:
"Shikamoo."

Mungu wangu.
Miaka mitatu nimemfundisha neno hilo,
jikoni, kituoni, msibani,
kwa peremende, kwa machozi.
Siku zote hulimeza. Leo kalitoa.

"Marahaba, kijana!" Kalamu ikakimbia:
Anajieleza vizuri.
"Siku hizi nani anaamkia hivi, mama?
Huyu hana tatizo. Ana adabu."

Nikafungua mdomo.
"Mwache ajibu mwenyewe."

Nikimsemea, namharibia.
Nikinyamaza, namtupa.
Mwinjuma alikuwa akihesabu vioo vya dirisha,
kumi na vinne, kimoja kimepasuka.
Nikaomba, Mola anisamehe, avunje kitu.
Apige meza. Apige kelele.
Hakuvunja kitu.

Nje, getini, akakiamkia kiti kitupu cha mlinzi.
"Shikamoo."
Akaiamkia pikipiki.
Akamwamkia mtoto wa miaka minne, kashata mkononi.
"Shikamoo."

Mtoto akamtazama juu hadi chini,
akameza kashata kwanza,
kisha kwa sauti nzito ya babu mtu:
"Marahaba."

Mwinjuma akaridhika.
Mimi nimesimama juani na nakala ya fomu.
Mengineyo: peupe.