Reli ya Chumba cha Nyuma

Baba amestaafu, lakini saa tisa za usiku
miguu yake huamka kabla yake,
ikapapasa viatu chini ya kitanda
kana kwamba mwita-zamu amegonga dirisha:
Dereva Ogweno! Mzigo wa Nakuru unakungoja.
Hakuna aliyegonga. Ni mvua ya Manyatta
inayohesabu mabati.

Basi huenda chumba cha nyuma,
kile tulichokuwa tukiweka mahindi,
akawasha taa,
na njia nzima ikatokea juu ya meza mbili
na mlango mkuukuu uliolazwa kati yake.

Reli ni spoki za baiskeli,
alizozinyoosha kwa nyundo Kwaresima nzima.
Mataruma ni vijiti vya aiskrimu:
wajukuu walikula kama kibarua
hadi mmoja akaugua tumbo.
Mlima Mau ni magazeti yaliyoloweshwa uji wa ngano,
yakakauka, yakapakwa kijani
(ukiinama Londiani utasoma nusu ya tangazo la kifo).
Kiwanda cha Muhoroni ni mkebe wa Kimbo;
humo ametia kipande cha sukari guru
ili kinukie inavyopaswa.
Na ziwa, mwisho wa yote, ni kioo cha kabati la Mama.
Kilipasuka wiki ile ya mazishi.
Hakuna aliyethubutu kukitupa.

Mota ya kaseti huguna, treni huondoka,
naye huongea bila kunitazama.
"Mau, usiku wa mvua, magurudumu huzunguka palepale
kama ng'ombe kwenye utelezi.
Unamwaga mchanga. Kidogo.
Mchanga ni kama maneno kwa mke aliyekasirika,
ukizidisha umeharibu.
Sigei alichemsha maziwa juu ya injini,
tukayanywa Molo, masikio yamekufa ganzi.
Na kibao! Stesheni masta anakunyooshea gizani,
kibao ndani ya pete ya waya,
unaingiza mkono huku unapita.
Ukikikosa, treni nzima inarudi kinyumenyume,
abiria wanachungulia,
na wewe huna pa kuficha uso."
Hukunja shati. Juu ya kiwiko
alama ingalipo, nyeusi, kama muhuri.

Nami naijua njia hiyo.
Niliipanda utotoni kwa kibali cha watoto wa wafanyakazi,
yai la kuchemsha mfukoni.
Kati ya Kibigori na Miwani
imenyooka kama uzi wa mwashi.
Lakini hapa mezani pana kona.
Treni inaiacha njia,
inalizunguka shamba la miwa ya njiti za ufagio,
kisha inarudi kana kwamba haikutoka.

"Baba, hapa hapakuwa na kona."

Alifuta mafuta vidoleni, kimoja, kimoja.
"Najua."

Treni ikapita mara mbili.

"Alikuwa anasukuma baiskeli. Mkaa, magunia mawili.
Nilipiga honi tangu mbali,
nadhani aliona haya kuyaacha magunia.
Breki nilivuta zote.
Mabehewa kumi na tisa hayajui kusimama
kwa sababu wewe umepiga kelele.
Wakanipa mapumziko ya siku tatu.
Siku ya nne nikapita palepale,
kwa ratiba ileile."

Nikazitazama zile spoki, nikanyamaza.

Awiti, mwenye miaka sita, alikuwa mlangoni
na blanketi mabegani; hatukumsikia.
Yeye ndiye stesheni masta wa Kibigori,
alijiteua mwenyewe, Desemba.
Akavua bangili, akainyoosha juu ya reli.
Babu yake akatoa kidole, treni ikipita,
kidole kikatetemeka, bangili ikaanguka
katikati ya miwa.

"Umekikosa," akasema Awiti, bila huruma yoyote.
"Rudi nyuma."

Akageuza waya kwenye betri.
Polepole, mkia mbele,
dereva Ogweno akairudia kona yake.