Mwana Mwema wa Mwanzi

Saa tisa za usiku baba huniita kwa kugonga sakafu,
mara mbili, kwa kifundo cha kidole,
kama mpangaji asiyetaka kumsumbua mwenye nyumba.
Naenda. Nina fimbo yangu, na ile nyingine.

Ile nyingine ni ya mwanzi, shingo ndefu,
ncha imepindwa kama vidole vya mtoto.
Huku Samcheok huuzwa sokoni kando ya soksi na betri,
na jina lake, tangu enzi za mababu, ni Mwana Mwema,
maana humkuna mzee pale mkono wake usipofika
na haulizi urithi.

Baba hulicheka jina hilo. Mimi sicheki sana.

"Juu," anasema. Naenda juu.
"Kushoto. Siyo hapo. Hapo palikuwa jana."
Ngozi inatoka unga, kama chokaa ya ukuta uliolowa.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, dereva wa lori,
Tak Sang-gu, mtoto wa mchimba makaa,
aliyekwenda Vietnam kwa sababu mshahara wa huko
ungenunua ng'ombe, na ng'ombe angemsomesha dada.
(Ng'ombe alinunuliwa. Dada alisoma. Hilo tusilifute.)

Joto, anasema, joto la kuchemsha mawazo.
Ndege zikapita chini, zikimwaga ukungu,
na sajenti akasema ni dawa ya mbu.
Basi wakavua mashati. Wakanyoosha mikono.
Jo Gap-seok akatoa ulimi nje,
kama mtoto kwenye theluji ya kwanza.
"Tulishukuru, unajua," baba anasema. "Tulishukuru."

Miti ilipukutika kabla ya wiki kadhaa kwisha.
Watu huchukua muda zaidi.

Gap-seok alichukua miaka kumi na tisa.
Baba bado anachukua: kwanza kisukari,
kisha miguu isiyojua kama imevaa viatu,
kisha huu mwasho unaohama usiku.
Na mimi, niliyezaliwa miaka saba baada ya yeye kurudi,
nisiyevuka bahari wala kushika bunduki,
nina ganzi inayopanda kutoka nyayoni,
taratibu, kama mafuta kwenye utambi.

Ofisini Gangneung wana fomu.
Mara tatu waliandika "haijathibitishwa."
Mara ya nne wakampa daraja la chini
na kadi ya treni ya nusu nauli,
mtu asiyeweza kupanda ngazi za stesheni.
Kuhusu mimi waliandika:
"Uti wa mgongo wa mwombaji si sehemu ya kumbukumbu za vita."
Baba aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, mara mbili,
akaikunja barua, akaisukuma chini ya mguu wa meza inayoyumba.
Meza imetulia.

Mtu hujikuna ajipatapo, ndivyo isemwavyo.
Na asipojipata?
Hapo methali hujikohoza, ikaaga.

Jana usiku aliushika mkono wangu, ukasimama.
"Kulikuwa na mwanamke," alisema,
"upande wa pili wa seng'enge. Alikuwa anaanika nguo.
Ndege zikapita juu yake kama zilivyopita juu yetu.
Akaanua zote mbiombio, zingali mbichi,
akaingiza watoto ndani, akafunga mlango,
mlango wa makuti, unaona hadi ndani."
Friji ilinguruma, ikaacha.
"Sijui alijua, au aliogopa tu. Sisi tulikuwa tunacheka."

Sikuwa na la kusema. Miguu ilikuwa imeshakufa ganzi,
nikaketi nyuma yake sakafuni,
mgongo wake mbele yangu kama ukuta wa jirani.

"Kama yupo, atakuwa na miaka themanini," alisema.
"Nani anamkuna?"

Nikaupeleka mwanzi chini, kulia, polepole.
"Hapo?"
"Karibu," alisema. "Karibu na hapo."