Mdomo wa Kukodi

Bismarck, Januari. Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
na gari langu limechomekwa ukutani kwa waya
kama mgonjwa wa dripu.

Mtaka cha mvunguni huinama. Mtaka sheria
hupanda ghorofani saa moja kasoro, donati dazeni tatu mkononi,
akijua nani ana kisukari, mjukuu wa nani anacheza hoki,
wala hacheki kabla mwenyekiti hajacheka.

Chama kina wanachama mia nne na kumi na wawili:
mwenye malori mia mbili,
na mwenye lori moja na mkopo wake.
Ada hulipwa kwa idadi ya magurudumu.
Sauti nayo, sitadanganya, huhesabiwa vivyo hivyo.

"Bi Tveit," asema mwenyekiti Kvamme. "Dakika tatu."

Nasema: ardhi ikiganda, barabara hugeuka chuma.
Tupeni asilimia kumi juu ya mzani
hadi theluji ianze kulia.
Nasema viazisukari vimerundikwa mashambani kama vilima.
Nasema tani, nasema ajira, nasema senti kwa maili.
Safu ya tatu, mhandisi wa barabara anatikisa kichwa.
Jana tulikunywa kahawa. Hatasimama.

Mfukoni mna barua ya Orville Schmaltz,
lori moja, miaka thelathini na mmoja usukani,
mwandiko umelala upande mmoja kama nyasi za upepo:
*Mama, uzito si neno. Waulize nilale wapi.
Maegesho ya Jamestown hujaa saa kumi na moja jioni.
Najibanza njia ya kutokea, taa zikiwaka,
na kila lori lipitalo hunitikisa kitandani.
Habari ya chupa sitaiandika.*

Halmashauri ilikwisha sema: msimu huu uzito, mengine baadaye.
Zimebaki sekunde arobaini.
Naigusa barua. Imeshika joto la mwili wangu.
"Nashukuru, Mheshimiwa. Niko tayari kwa maswali."

Kumi na moja kwa watatu. Tumepita.
Simu hazikatiki: hongera, Marlys,
nyama choma ya leo analipa Hauge, yule wa malori mia mbili.

Usiku narudi mashariki kwa barabara ya tisini na nne.
Kila njia ya kutokea yamejipanga,
pua zao nyeupe kwa jalidi, injini zikikoroma.
Nahesabu hadi kumi na saba, naacha.
Kila nikiyafikia napunguza mwendo,
kana kwamba kigari changu hiki
kingeweza kumwamsha mtu.