Ganzi

Kila Jumanne, gereza la Valdivia,
mvua ikipiga bati tangu alfajiri,
nawaambia wanaume: fungua kinywa.
Nao hufungua, watiifu kama makinda.

Siulizi walifanya nini, faili lina mengi.
Lakini kinywa ni jumba la maneno
na mimi nimo ndani, na kioo changu kidogo.

Eleuterio alimuua shemeji yake kwa shoka
kwa ajili ya kuni zilizolowa. Kuni!
"Mkono ulitangulia, daktari, mimi nikafuata."
Mwaka wa kumi na moja huu, bado anaufuata.
Magego yake yamesagika yakawa bapa:
usiku, usingizini,
anaitafuna dakika ile wala haiishi.

Rigoberto alivunja watu miguu kwa malipo,
goti likiwa ghali kuliko kifundo.
Meno meupe, hakuna hata tundu.
Huniuliza mama yangu anaendeleaje
na jibu hulisikiliza hadi mwisho.

Danko, miaka kumi na tisa,
alimchoma kisu mtu asiyemjua
nje ya duka la vileo
kwa kuwa wenzake walikuwa wakitazama.
Alipoiona sindano aliomba nimshike mkono.
Nikamshika. Kazi ikangoja.

Ismael hana chonge la juu.
Baba alilitoa kwa chuma cha mkanda,
mtoto ana miaka saba.
Nikadhani nimeupata ufunguo,
kwa nini alimpiga mkewe hadi akanyamaza moja kwa moja.
Kisha nikaingia kununua mkate dukani kwa nduguye,
mtu mpole, unga hadi kwenye nyusi,
akaniongezea kipande kwa sababu ya mvua.
Alipotabasamu, chonge lile lile halikuwepo.
Nikaurudisha ufunguo mfukoni.
Ungali humo, haujafungua kitu.

Yupo mmoja ambaye jina lake silitaji.
Kuna bibi kizee, kuna chumba, na saa sita nzima.
Yeye peke yake nilimuuliza kwa nini.
Alifikiri kidogo, kiungwana,
kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kusema chumvi imetosha.
"Ilinipendeza," akasema,
akafungua kinywa.

Siku ile sikungoja ganzi ikolee.

Nina mke. Nina paka wawili na deni la benki.
Koleo likashika, nikavuta,
nikavuta tena pale nilipoweza kupumzika,
na mkono wangu
(nakumbuka Eleuterio, nakumbuka)
haukutangulia hata kidogo.
Tulikwenda pamoja, hatua kwa hatua.

Machozi yalimtoka bila sauti.
Kisha akanitazama, chuki hamna,
kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Nilinawa. Nikaandika kwenye faili:
gego la chini, kushoto, limetoka lote.
Mgonjwa hana malalamiko.