Alijitoa

Saa kumi na moja jioni, Basel, wenzangu
huvua nguo, huzitia katika mfuko usiopenyeza maji,
hujiachia mto Rhine uwachukue hadi kwao.

Mimi, Ursina, ningali nahesabu.
Wagonjwa kumi na mmoja "walijitoa" katika jaribio.
Neno safi, limepigwa pasi.
Lakini nambari 0417 hakujitoa.
Alianguka jikoni, birika likichemka;
bintiye alituandikia barua, kwa penseli.

"Ni istilahi tu," asema Bwana Zumsteg,
na si mtu mbaya: dawa hii hii
ilimrudishia mkewe vidole,
sasa anafunga vifungo vyake mwenyewe.
Nami kodi ya nyumba nalipa kwa nini?
Na vyuma vya meno ya Flurin?
Usitukane wakunga, nao uzazi ungalipo.

Nimefuta "alijitoa". Nimeandika "alikufa".
Nimefuta tena.
Kishale kinapepesa kwenye kisanduku kitupu,
karani asiye na haraka.

Chini ya dirisha watu wanaelea, wanacheka,
kila mmoja amekumbatia nguo zake kavu.