Hatua Ishirini kwa Kumi na Mbili

Nimeupima uwanja kwa miguu yangu mwenyewe,
kanga nimeifunga kibwebwe, nahesabu kwa sauti:
hatua ishirini toka barazani hadi ukutani,
kumi na mbili toka mpapai hadi tangi la maji.
Thoya ananitazama, fyekeo begani.
“Uwanja huu naujua, Mwalimu.
Ni asubuhi mbili na mgongo mmoja.”

Na mgongo wenyewe ndio huo umegoma.

Basi nikaenda kwa Taibali.
Kijana wa duka akanipokea kwa nguvu za farasi:
farasi watano na nusu, mama!
Nikamwuliza hiyo nusu hula nini.
Petroli, akasema, bila kucheka.
Nyekundu, tairi nene, mfuko wa kukusanyia majani,
na kamba ya kuwashia, hebu jaribu.
Nikavuta. Ikakohoa.
Mara ya pili bega langu likakohoa nayo.
Mara ya tatu wanunuzi wa misumari wakageuka,
nami nikaiachia kamba irudi kwao taratibu,
kama mtu aliyekuja kuulizia bei tu.

Nyingine ina waya mrefu, rangi ya chungwa.
Hainuki, haipigi kelele.
Lakini mimi ni wa Maweni, na stima kwetu
huondoka bila kuaga.
Na huo waya? Nimeshajiona nikiupitia kwa visu,
majirani wakisimulia hadi arubaini.

Ya betri niliisoma bei, nikakirudisha kile kikaratasi kilipokuwa.

Nikaambiwa Bi Ornella anauza vyombo, anarudi kwao,
mashine yake imekata misimu mitatu tu.
Nikaigeuza tumbo juu kama nguru wa sokoni.
Chumvi ilikuwa imefika kabla yangu:
bati limekuwa chujio.
Chuma mji huu hakizeeki, huliwa.
“Bella,” akasema Bi Ornella, “bella sana.”
“Bella,” nikakubali,
nikamaliza kahawa yake, nikatoka.

Usiku ndipo likanijia swali lisilouzwa dukani:
uwanja wenyewe wa nini?
Ukoka huu Twalibu aliuleta kwa gunia bichi
kutoka kiwanja cha shule,
mwaka alipopewa uhamisho akakataa kwenda.
Watu walishangaa hatukupanda mihogo.
“Hapa,” alisema, “tutavua viatu tukizeeka.”
Alivua mapema. Viatu ninavyo kabatini.

Asubuhi nikampita yule mwekundu bila salamu.
Nyuma ya ndoo za rangi kulikuwa na moja isiyo na injini,
visu vitano vimejipinda kama ganda la chungwa,
magurudumu mawili, mpini mrefu.
Ukisukuma, inakata. Ukipumzika, inapumzika.
Sauti yake makasi ya fundi ndani ya melimeli.
Kijana akaona haya kuniuzia.
“Hii ya kizamani, mama.”
“Basi tutaelewana.”
Akaandika risiti: dhamana mwaka mmoja.
Nikamwuliza kama ana karatasi ya namna hiyo ya bega.

Thoya aliipima kwa macho.
Mpini ulimfika kitovuni; mimi, kifuani.
Akafungua skrubu, akaushusha matundu mawili,
bila kuuliza ni nani atakayesukuma.
Kisha akapiga goti. “Mawe kwanza.”
Maana chini ya ukoka wetu ni matumbawe matupu,
huota kama magego,
na visu hivi havina mzaha na jiwe.
Siku mbili tulitambaa, yeye na kijembe, mimi na upawa wa zamani,
ndoo nne na nusu.

Siku ya tatu nikasukuma, miguu peku.
Majani yakaruka, yakanirudia vidoleni, mabichi, baridi.
Hatua moja. Mbili. Saba.
Bega likanung'unika, likazoea.
Ya kumi na nne: kah!

Thoya, kivulini, hakuinua hata kichwa.
“Ndoo ya tano hiyo.”